Ukuta wa Chetambe na Filimbi Yangu

Nilinunua tochi ya shoti siku tatu baada ya kuibiwa laptopu. Kama hujawahi kuiona, ni tochi nyeusi ya kawaida, nzito kidogo, ila ukibonyeza kitufe cha pembeni inatoa cheche za buluu na mlio kama wa mafuta moto yaliyoingiliwa na maji. Muuzaji, hapa Kitale karibu na steji, aliibonyeza mbele ya uso wangu, akacheka niliporuka. "Dada, ukiwa na hii hata simba atakupisha." Nikampa shilingi 1,800, yaani malipo ya makala mawili, nikaitia mkobani.

Usiku huo sikulala. Nilianza kuwaza: je, wakija wawili? Walionipora walikuwa wawili, juu ya pikipiki, saa moja na nusu jioni, kwenye kile kipande cha barabara kisicho na taa nyuma ya mji. Mmoja alishika mkoba, mwingine hakuzima hata injini. Yote yaliisha kabla sijajua kama nipige kelele au la. Tochi ya shoti ingesaidia nini hapo? Ingekuwa ndani ya mkoba, na mkoba ungekuwa umeenda.

Basi nikaongeza vitu kwenye orodha. Dawa ya pilipili ya kupulizia. Rungu chini ya kitanda. Kufuli la pili, komeo la ndani, madarasa ya karate. Kila nilichoongeza kilinionyesha tundu lingine. Kufuli la mlango lilinikumbusha dirisha. Dirisha likanikumbusha choo cha nje, ambacho tunatumia watu wa vyumba sita. Mtu anayelipwa kwa neno hawezi kuizungushia chuma dunia nzima, na mimi ni huyo mtu. Nilitoka chuoni mwaka wa tatu nikiwa nasoma historia, karo ikanishinda, na tangu hapo naandikia yeyote anayelipa.

Madarasa nilianza kweli. Yanafanyika kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi asubuhi, viti vikishasukumwa ukutani. Somo la kwanza halikuwa la kupiga mtu. Tulifundishwa kuanguka bila kuvunjika mkono, halafu kukimbia. Wiki ya nne nikamuuliza mwalimu swali lililokuwa likinikera: "Mwalimu, nitajuaje nimefika? Ni lini mtu anaweza kusema sasa inatosha?"

Akajifuta jasho. "Inategemea. Unamngoja nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimenunua silaha kabla ya kumjua adui. Swali hilo nilienda nalo hadi Webuye, kwa mjomba wangu, ambaye kwetu namwita Khocha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake, akasema, "Kesho twende juu ya mlima. Kuna watu walishaulizwa hilo swali."

*

Ukisimama Webuye mjini ukatazama juu, kile kilima kirefu kinachouegemea mji ndicho Chetambe. Chini yako ni mji ulioitwa Broderick Falls wakati wa mkoloni, kwa sababu ya maporomoko ya mto Nzoia. Kuna vumbi la malori ya barabara ya Uganda, na kuna kile kiwanda cha karatasi ambacho watu wazima wa hapa bado wanakitaja kama mtu aliyefariki. Tulipanda polepole kwa sababu ya magoti ya Khocha. Juu kabisa akaninyoshea kidole kwenye nyasi. Mimi niliona mtaro tu, wa aina ambayo ungedhani ni wa maji ya mvua.

"Huo ni handaki," akasema. "Na mahali unaposimama palikuwa na ukuta."

Babu zetu Wabukusu, na majirani zao Watachoni, hawakuwa wakiishi kama tunavyoishi leo, kila boma na shamba lake. Waliishi ndani ya ngome. Ngome moja ni olukoba, nyingi ni chikoba. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi hii mwaka 1883 na msafara wake kutoka pwani, aliandika juu ya vijiji vilivyozungushiwa kuta na mahandaki. Alichokiona kilikuwa tayari ni ufundi wa kizamani.

Ufundi wenyewe ulikuwa hivi. Unachimba handaki kuzunguka mahali unapotaka kuishi, na udongo unaotoka humo unaurundika upande wa ndani, uwe ukuta. Kila jembe linalopiga chini linafanya kazi mara mbili: shimo linazidi kwenda chini, ukuta unazidi kwenda juu. Malango yanakuwa machache na membamba, na usiku yanazibwa kwa magogo. Jioni ng'ombe wanaingizwa ndani, watu nao wanaingia. Familia nyingi hukaa pamoja, chini ya kiongozi wanayemwita omukasa.

Nilimuuliza Khocha swali la mtu wa leo: mbona haukujengwa mrefu zaidi, mpana zaidi, wa mawe?

"Wa nini?" akaniuliza.

Hapo nikaanza kuelewa. Aliyekuwa akingojwa alijulikana. Alikuwa mvamizi wa ng'ombe, awe Mmaasai wa Uasin Gishu au jirani mwingine wa karibu, na Wabukusu wenyewe nao walivamia walipoweza. Huyo mtu anakuja na mkuki na ngao. Anatembea usiku, anapiga alfajiri, na anataka kuwa amefika mbali na mifugo kabla hajakatiwa njia. Hana chakula cha wiki nzima mgongoni. Hana muda wa kukaa nje ya ukuta akingoja watu waone njaa. Kwa hiyo ukuta haukuhitaji kuwa usiopandika. Ulihitaji tu kumchelewesha, ng'ombe wasitoke haraka, wanaume waamke, na ngome ya jirani isikie kelele. Udongo ulitosha kwa kazi hiyo. Kuongeza zaidi ingekuwa kupoteza msimu wa kupanda.

Wenzetu wa Mlima Elgon walijibu swali hilohilo kwa njia nyingine. Kule juu ya Endebess kuna mapango makubwa. Kitum ndilo maarufu, kwa sababu ya ndovu wanaoingia gizani kuchimba chumvi ukutani. Watu waliishi kwenye mapango ya mlima huo pamoja na mifugo yao. Thomson aliyaona akashangaa mpaka akadhani ni kazi ya Wamisri wa kale, kana kwamba mtu wa hapa hawezi kuwa na pango lake. Mapango hayakuchimbwa na Mmisri. Wenyeji walikuwa wametafuta mahali ambapo mlango ni mmoja na mvamizi hawezi kukuzunguka. Hawakujenga kitu cha kubomolewa. Walijificha vizuri, na hiyo nayo ni kinga.

*

Sasa tufike kwenye mwaka uliomfanya Khocha anipandishe mlima.

Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza Uganda kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wake, na njia ya misafara kutoka pwani ikawa inapita Mumias, kwa Nabongo Mumia wa Wanga. Waingereza walikuwa na kituo hapo. Njia hiyo ndiyo waliyoitaka, na yeyote aliye karibu nayo akiwa na silaha alikuwa tatizo lao.

Nao Wabukusu walikuwa na silaha. Mbali na mikuki na mishale, baadhi yao walikuwa na bunduki zilizofika pamoja na biashara ya pembe za ndovu. Halafu askari fulani walitoroka kituoni na bunduki zao, za kisasa zaidi, na bunduki hizo zikaishia mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kidogo kikatumwa kuzidai. Karibu wote waliotumwa waliuawa.

Jiweke pale kidogo. Una ukuta ambao umemshinda kila adui unayemjua, wewe na baba yako. Juu ya huo ukuta sasa una bunduki. Umempiga mtu wa Mumias na amekimbia. Kama kuna siku ambayo mtu angesema "sasa inatosha", ni siku hiyo.

Agosti 1895 wakaja. Charles Hobley, ofisa wa Mumias, na William Grant waliongoza msafara wa askari wa Kisudani, pamoja na wapiganaji wa Wanga, Waganda na Wamaasai. Walishambulia kwanza ngome ya Lumboka, ikaanguka. Walionusurika na wengine wengi wakakimbilia Chetambe, kilimani, ambako ukuta ulikuwa na mteremko wa kuusaidia. Chetambe nayo ikavunjwa kwa bunduki za kiwandani ambazo udongo haukuwahi kujengwa kuzizuia. Waliokufa ni wengi. Ng'ombe walichukuliwa, wanawake na watoto wakatekwa. Hobley aliishi mpaka akaandika kitabu cha kumbukumbu zake, kikatoka mwaka 1929. Wa upande wetu walisimulia watoto wao, nao wakasimulia wao.

Shuleni tulifundishwa kwamba Chetambe ni hadithi ya mkuki dhidi ya bunduki, na hiyo ni kweli. Lakini nikiwa pale juu, nikitazama ule mtaro, kilichonigonga ni kitu kingine. Bunduki zile za watoro, kifaa bora kuliko vyote walivyowahi kuwa navyo, ndizo zilizofuatwa. Ukuta ulikuwa umepimwa kwa mvamizi wa ng'ombe. Bunduki zikamwita adui mwingine, na huyo hakuja kwa ajili ya ng'ombe na hakuwa na haraka ya kurudi kwao kabla jua halijachomoza. Walikuwa wameongeza nguvu yao, na hapohapo wakabadilisha mtu wa kumngoja.

Sisemi wangeachwa kwa amani kama wangezirudisha. Mtu aliyetangaza nchi yako kuwa yake atapata sababu. Ninachosema ni kwamba silaha si kitu unachokiongeza tu juu ya ulivyo navyo, kama sufuria ya pili jikoni. Inabadilisha nani anakutazama, na anakutazama vipi.

Baada ya 1895 chikoba zikaachwa. Watu wakatawanyika mashambani, kila mtu na boma lake, kwa sababu utawala mpya ulikuwa umekataza vita vyote isipokuwa vyake. Mwaka 1947 Elijah Masinde na wafuasi wa Dini ya Msambwa walipanda Chetambe kuwakumbuka waliokufa. Yaani zaidi ya miaka hamsini baadaye, mahali pale palikuwa bado ni kaburi. "Hawakuja kuujenga ukuta upya," Khocha akaniambia tukishuka. "Walikuja kuomba."

*

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa ya zamani, na mimi ningerudi Kitale nikalale na tochi yangu. Lakini mlima uleule wenye mapango una hadithi ya karibu zaidi, na ni lazima niitaje, kwa sababu jina lake lina neno "ulinzi" ndani yake.

Ukitoka Bungoma ukaelekea Kapsokwony, unaingia Mlima Elgon, na huko kuna Chebyuk. Mwaka 1971 serikali ilianza kuwapa watu ardhi hapo, watu waliohamishwa kutoka Chepkitale, juu msituni. Ugawaji ukafanywa, ukatenguliwa, ukafanywa tena. Ilipofika awamu ya tatu, mwaka 2006, waliojiona wamepokonywa walikuwa tayari wana jeshi lao: kikundi kilichojiita Jeshi la Ulinzi wa Ardhi ya Wasabaoti, SLDF. Kiliongozwa na Wycliffe Matakwei.

Kilianza na dai ambalo watu wengi waliliona la haki. Tunalinda mashamba yetu. Lakini mlinzi anahitaji kula, kwa hiyo ikaja kodi. Anahitaji siri, kwa hiyo waliosemekana kuwa wasaliti walikatwa masikio. Anahitaji askari, kwa hiyo vijana wakachukuliwa kwa nguvu. Human Rights Watch walipoandika ripoti yao mwaka 2008, walisema kikundi hicho kilikuwa kimeua watu zaidi ya 600. Machi mwaka huo jeshi la Kenya likapanda mlimani kwa jina la Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa kwa maelfu na kupelekwa kambini Kapkota kuchujwa, na wengi waliotoka huko walisimulia mateso. Wengine hawakuonekana tena. Matakwei aliuawa Mei. Familia zilikuwa zimeshakimbilia Kimilili, Bungoma na huku Trans Nzoia. Nilisoma darasa moja na watoto waliotoka huko, na tulifundishwa na wazazi wetu kutowauliza maswali.

Ule ukuta wa udongo ulikuwa na mwisho. Ulipofunga duara, kazi iliisha, watu wakarudi kulima. Ulinzi wa SLDF haukuwa na mahali pa kufungia duara. Hakuna aliyesema, tukipata hiki tutaweka bunduki chini. Ndiyo maana kila wiki ulihitaji kitu kingine, mpaka waliolindwa wakawa wanaogopa walinzi kuliko mtu yeyote.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilifunga daftari. Orodha yangu ya vifaa nayo ilikuwa haina mahali pa kufungia duara.

*

Nina kumbukumbu moja ya ulinzi uliotosha, na karibu utuharibie maisha.

Mwaka 2013, wiki chache baada ya uchaguzi wa Machi, makundi ya watu wenye panga na vyuma yalianza kuvamia nyumba usiku katika kaunti za Bungoma na Busia. Waliua, walikata watu, na mara nyingi hawakuiba kitu cha maana. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja ikaandika ripoti. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa nje kidogo ya Bungoma mjini, kwa nyanya yangu, Kukhu, na watoto wote wa kike wa boma zile tatu tulilala chumba kimoja tukiwa na viatu miguuni.

Wanaume walikesha. Hawakuwa na silaha za ajabu: panga za shamba, rungu, tochi. Walichokuwa nacho ni filimbi. Walinunua pale sokoni, zile za plastiki za marefa, na wakakubaliana lugha. Mlio mmoja mrefu: niko hapa, niko sawa. Unaitikiwa na boma la pili, halafu la tatu, mpaka unasikia umepotelea kule mtoni. Milio mitatu mifupi: njooni. Usiku kucha nililala nikisikiliza ule mlio mmoja ukizunguka, na kila uliporudi niliweza kufumba macho.

Ni olukoba. Wakati ule sikujua. Ukuta haukuwepo, lakini kazi yake ilikuwepo: kumchelewesha adui, kuwaamsha watu, jirani asikie.

Usiku mmoja ikapigwa mitatu. Tulisikia miguu ikikimbia, kelele za "huyu hapa, huyu hapa", na kishindo. Kukhu akafungua mlango. Hakuna aliyemruhusu, na hakuomba ruhusa. Alitembea na taa ya chemni mpaka kwenye lile duara la wanaume, na sisi tukamfuata kwa mbali. Katikati kulikuwa na kijana amelala chini, shati limechanika, damu mdomoni. Aliyekuwa karibu naye alikuwa ameinua panga. Kijana alikuwa akisema jina la mama yake, tena na tena.

"Muwekeni taa usoni," Kukhu akasema. "Mimi naijua hiyo sauti."

Alikuwa mwendesha boda boda, mtoto wa watu wa ng'ambo ya mto. Pikipiki ilikuwa imeharibika, akaamua kukatiza shambani. Wiki mbili tu za hofu, na wanaume wanaoimba kwaya walikuwa sekunde moja kutoka kuwa wauaji.

Kesho yake walikaa chini ya mwembe wakaongeza sheria moja. Ukipiga mitatu, kabla hujainua mkono, uliza jina na umuite mzee mmoja wa boma. Hakuna panga jipya lililonunuliwa. Makundi yale hayakufika kwetu, na baada ya muda yakaisha. Baadaye mwaka huohuo serikali ikaleta Nyumba Kumi, wazo lililokuwa limekaa Tanzania miaka mingi. Wazee wetu wakacheka, wakasema sisi tulishaanza na nyumba tatu.

*

Nilirudi Kitale Jumatatu na kitu cha kwanza nilichofanya ni kusoma sheria, jambo ambalo ningefanya kabla ya kutoa shilingi 1,800. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, haisemi juu ya bunduki za risasi peke yake. Inahesabu pia kama bunduki silaha iliyoundwa kurusha kimiminika au gesi ya kudhuru, na ile inayotoa umeme wa kumzimisha mtu. Yaani tochi yangu, ile inayouzwa steji pamoja na soksi na chaja. Nilikuwa nikitembea mjini na kitu kinachoweza kunifanya mimi niwe mtuhumiwa. Nikawakumbuka Wabukusu na zile bunduki za watoro. Silaha ikishaingia mkononi, usishangae mgeni mwingine akibisha.

Nikasoma pia kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoiachia mahakama ipime nguvu ya kujitetea kwa misingi ya sheria ya mazoea ya Kiingereza. Kwa maneno ya mtaani: nguvu yako ilingane na hatari iliyokuwa mbele yako. Hata sheria inauliza swali la mwalimu wa karate. Nani alikuja, na alikuja na nini?

Basi nikakaa kitandani na kalamu, nikaandika majibu. Ninayemngoja si jambazi wa sinema. Ni watu wawili juu ya pikipiki, kati ya saa moja na saa tatu usiku, kwenye kipande cha barabara cha mita kama mia tatu, na wanachotaka ni simu na laptopu. Wa pili ni mtu atakayejaribu mlango wangu nikiwa sipo. Wa tatu, na huyu ndiye ninayemwogopa zaidi kama mwanamke anayeishi peke yake, ni mtu atakayejaribu mlango nikiwepo.

Kwa wa kwanza, jibu ni kupita barabara ndefu yenye maduka, au kulipa boda ya mtu ninayemjua. Kazi yangu sasa naihifadhi kwenye intaneti kila jioni, ili wakichukua mashine wachukue mashine tu. Kwa wa pili, kufuli zuri. Kwa wa tatu, komeo la ndani, na watu.

Hiyo ya watu ndiyo iliyokuwa ngumu. Nilikuwa nimekaa kwenye ploti hii miezi kumi na moja bila kujua jina la jirani hata mmoja zaidi ya kusalimiana kwenye foleni ya maji. Nilibisha vyumba vitano. Nilijisikia mjinga. Nikamweleza kila mmoja kuhusu ile pikipiki, na wanne kati ya watano wakaniambia, "Hata mimi." Hata mimi, kipande kilekile! Tukachanga, kila chumba shilingi mia moja, tukanunua taa ya lango ambayo landilodi alikuwa akiahidi tangu mwaka juzi.

Ile tochi niliirudisha steji. Muuzaji akakataa kurudisha pesa, kama nilivyotarajia, lakini tulibishana mpaka akakubali kunibadilishia: kufuli moja kubwa, taa ndogo ya sola, na filimbi sita za plastiki. "Dada, umekuwa refa?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Nadhani nilipata hasara ya shilingi mia nane hivi.

Karate sijaacha. Mwalimu ananifundisha kutoka mikononi mwa mtu aliyenishika kwa nyuma, na nimeambiwa nikiweza kufanya hivyo mara kumi bila kufikiri, kwa mtu ninayemngoja mimi, itakuwa inatosha. Kwa mwingine haitatosha, na siku huyo mwingine akionekana tutaanza hesabu upya. Watu wa Chetambe walipima sawasawa kwa miaka mingi. Kipimo chao kilikuwa na tarehe, na hawakuwa na namna ya kujua ni tarehe gani.

Filimbi ziko juu ya kila mlango, kwenye msumari. Juzi usiku stima ilipotea ploti nzima. Nilikuwa kitandani. Nilisubiri kidogo, nikaona aibu, halafu nikapiga: mmoja, mrefu. Kimya. Halafu chumba namba tatu, yule mama wa mapacha, akaitikia. Kisha namba tano. Kisha mzee wa namba moja, ambaye hana meno ya mbele na alitoa hewa zaidi ya mlio, na tukasikia mapacha wakicheka gizani.